Mkono Usiosikia Moto

Mama mdogo wangu hakuwa mtu wa kushika sufuria kwa kitambaa. Maharage yakishaiva aliikamata sufuria ukingoni kwa vidole vitupu, akaiepua, akaitua chini taratibu kama mtu anayetua tenga la mayai. Mimi nikijaribu naruka huku napuliza vidole, naye ananicheka. Alikuwa akisema mikono yangu ni laini mno, ndiyo maana hata ndoa ilinishinda kuishika. Nilikuwa nimerudi kwake, mtaa wa Kasingirima, baada ya kuachika, na utani huo ulikuwa haki yake, maana yeye ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, nikiwa bado sijaanza shule. Nilimwita mama tu. Hilo la "mdogo" nilikuwa nalisema kwa watu wa nje.

Kazi yake ilikuwa mawese. Nyuma ya Buzebazeba kulikuwa na uwanja ambapo wanawake wanane hivi walichemsha chikichi kwenye mapipa, wakazikamua kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, kisha wakayapika tena mafuta mpaka maji yote yaishe. Ni kazi ya moto tangu asubuhi hadi alasiri. Mafuta yanaruka, kuni zinatema cheche, na mfuniko wa pipa ukishashika moto hakuna anayetaka kuusogelea. Ila yeye. Walikuwa wakimwita, anakuja, anaunyanyua mfuniko kwa mikono yake, anauweka pembeni, anarudi kwenye pipa lake na maneno yake. Mgeni akifika uwanjani lazima aonyeshwe: mnamwona yule mama, moto wenyewe unamwogopa. Nami nilijivuna, wallahi. Nikigombana na mtu mtaani, na kugombana mimi sikuanza jana, nilikuwa namwambia akae akijua kwamba nimelelewa na mwanamke anayeshika moto.

Nayaandika haya sasa nikiwa najua nilichokuwa nakisifia, na aibu yake haijaniisha.

Kisha likaja kwetu shirika moja dogo, gari moja na watu wanne. Walishughulikia magonjwa ya ngozi ambayo hakuna anayeyapigia kelele: ukoma, upele, funza, matende. Magonjwa ya watu ambao hata wakilalamika sauti haifiki popote. Walitaka wanawake wa mtaani kwetu wa kujitolea, wanaojua kusoma na wasioona haya kubisha hodi kwa watu. Mwenyekiti wa mtaa akanitaja. Nadhani alikuwa anatafuta mahali pa kuupeleka mdomo wangu nje ya baraza lake.

Semina ilikuwa Bangwe, kwenye ukumbi ulio karibu na ziwa kiasi kwamba tulikuwa tunasoma huku harufu ya dagaa inaingia madirishani. Aliyetufundisha alikuwa bwana mmoja mtu mzima, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Watu wote walimwita daktari, naye kila mara alirekebisha kwamba yeye ni tabibu tu. Alitufundisha kutofautisha baka la ukoma na utangotango, na makovu ya moto, na zile alama za jua wanazopata wanaoanika dagaa. Akasema macho peke yake yanadanganya. Kitu kisichodanganya ni pamba.

Unachukua pamba, unaisokota ncha iwe nyembamba. Mgonjwa anafumba macho. Unamgusa kidogo, mkononi, mguuni, kwenye baka, naye anaweka kidole pale ulipomgusa. Akishindwa kuonyesha, hapo pamekufa ganzi, na ganzi ndiyo ukoma unaoanza kula mishipa. Tabibu alirudia jambo moja mpaka tukalichoka: ganzi ikigunduliwa mapema, ndani ya miezi ya mwanzo, kuna vidonge vya kuupoza mshipa na mkono unarudi. Ikichelewa, dawa itaua vijidudu, lakini mkono ndio basi tena.

Nilirudi nyumbani siku hiyo nina pamba mfukoni na kichwa kimevimba. Kesho yake tulikuwa tunapimwa mmoja mmoja mbele ya tabibu, anayekosea kumpima mtu anarudishwa kwao. Nikamwambia mama akae kwenye mkeka nifanyie mazoezi kwake. Akaniuliza ni mazoezi ya nini, nikamwambia ni mtihani, nikifeli sipati kazi. Niliyasema hivyohivyo, kwa mkato, maana nilikuwa na haraka, na hilo neno mtihani nimelijutia kuliko maneno yangu yote ya hasira.

Akafumba macho. Nikamgusa juu ya kiganja cha kulia. Kimya. Nikamgusa tena karibu na kidole cha mwisho. Kimya. Nikamwambia mama, ukisikia onyesha. Akasema aonyeshe nini, mbona sijaanza? Nikacheka. Nikasema labda naishika pamba vibaya, au mikono yake imeota sugu kwa kazi. Nikaisokota pamba upya na kuanza tena, na safari hii akaonyesha. Kila nilipogusa, kidole chake kilifika palepale. Kiganja, kifundo, kidole cha mwisho, vyote. Nikampigia makofi. Akanipigia na yeye. Tukala, nikalala usingizi mzuri, na kesho yake nikafaulu.

Kuna jambo jingine ambalo sikulifanya siku ile. Tabibu alisema mtu apimwe mwili mzima, mgongo, mapaja, makalio, maana baka linapenda kujificha. Lakini mtoto hamvui mama yake nguo. Kwenye nyumba za watu niliingia na wanawake chumbani, tukafunga mlango, wakashusha kanga nikawaangalia bila shida. Kwangu nilimpima mikono na miguu, nikaona inatosha. Hata kama angeniambia nimwangalie mgongo, nafikiri ningekataa.

Kazi niliiweza. Sijisifu, au tuseme najisifu kidogo. Nilitembea Kasingirima yote, nikateremka mpaka Bangwe, nikapanda mpaka kwenye vibanda vya mwisho vya Buzebazeba. Kulikuwa na nyumba ambazo watoto wamejaa funza miguuni mpaka wanatembelea visigino, tukawaosha na kuwapaka mafuta ya kuua funza kila siku. Kulikuwa na nyumba nzima inajikuna, na ukiwapa dawa ya upele lazima wapake wote siku moja, bibi na mjukuu na mgeni aliyekuja juzi, akibaki mmoja mnaanza upya. Nimegombana na wababa kuhusu jambo hilo mpaka wengine walikuwa wakiniona kwa mbali wanaanza kuvua mashati wenyewe.

Nikampata mzee mmoja wa familia ya Warundi waliohamia zamani, ambao wana shamba la mihogo juu kule. Nilimwamkia shikamoo, akanijibu marahaba na kuniongezea amahoro ya kwao, akanipa kiti. Nilipoona anashika kikombe cha chai ya moto bila kubadilisha mkono, nikaichomoa pamba. Alikuwa na ganzi ya miezi miwili mitatu. Tabibu alimpa vidonge vya ukoma na vile vya kuupoza mshipa, na kabla msimu wa mahindi haujaisha mzee alikuwa ameshika jembe. Mtoto wake alituletea ndizi. Tabibu alinisifu mbele ya wenzangu wote kwa kile kikombe cha chai. Nilirudi nyumbani nikamsimulia mama, tukiwa jikoni, naye akaepua sufuria kwa vidole vyake akanipakulia, akasema Mungu aniongezee macho.

Jamani, nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake.

Baada ya hapo nikawa nafanya mikutano ya mtaa. Nilisimama pale penye kivuli cha ofisi ya mtaa nikawaeleza watu kwamba ukoma si laana, si kurogwa, haupatikani kwa kula samaki wa aina fulani, na mtu akishaanza dawa hamwambukizi mwenzake. Nikawaambia: mtu akiungua bila kusikia, mleteni. Mama alikaa mstari wa mbele na wanawake wenzake wa mawese, akawa ananiitikia kwa kichwa. Watu walipouliza kwa utani kama yule mama asiyeogopa moto naye aletwe, tulicheka wote, na mimi ndiye niliyecheka zaidi. Nikasema huyu ni sugu za kazi. Nilisema hivyo mbele ya watu, kwa sauti, nikiwa nimevaa fulana ya shirika.

Mabadiliko yalikuja polepole. Kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kilianza kupinda. Kikafuatiwa na cha pili yake. Alikuwa anashindwa kufinyanga tonge, ugali unamponyoka, akaanza kula kwa kijiko akasema ni kwa ajili ya usafi. Nikasema ni baridi yabisi, umri huo. Nikamnunulia dawa ya kuchua. Kila jioni nilimchua vile vidole, nimevishika mkononi mwangu, mimi mwenye cheti cha semina, na haikunijia. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako walikuwa wananisema mimi.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, Jumapili, hakwenda uwanjani. Nilikuwa chumbani naandika ripoti yangu ya mwezi. Mama alikuwa jikoni anachoma mahindi. Nikasikia harufu ya nyama inayoungua, nikafurahi hata, nikapaza sauti kuuliza nani anachoma nyama mchana huu. Akanijibu kwamba nyama imetoka wapi, nyumba hii haina hata dagaa. Nikatoka kumchekea. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mkono wa kushoto unageuza hindi, mkono wa kulia ameulaza ukingoni mwa jiko, na kaa la moto limeingia kati ya kile kidole kilichopinda na kiganja. Ngozi ilikuwa inatoa moshi. Alikuwa ananitazama, ananitabasamia, anangoja nimwambie hiyo nyama iko kwa nani.

Nililitoa lile kaa kwa vidole vyangu, nikaungua, nikautumbukiza mkono wake kwenye ndoo ya maji. Akaniuliza kuna nini. Alipouona mkono akashangaa tu, akasema lo, nimejiunguza. Alisema vile mtu anavyosema amechafua nguo.

Tabibu alikuja nyumbani kesho yake mwenyewe. Alimwamkia shikamoo mama, ingawa nadhani walilingana umri, akaomba ruhusa ya kumwangalia mkono. Halafu akasema wakati wa kupima angependa amfunge macho, ndiyo desturi yake kwa kila mtu, akachukua pindo la kanga ya mama na kulifunga usoni kwa upole sana. Sisi kwenye semina hakutufundisha kufunga. Au alitufundisha nikasahau, sijui, nimeshajaribu kukumbuka mara nyingi.

Akamgusa kwa pamba. Kiganja, kifundo, kidole cha mwisho, nyuma ya mkono mpaka karibu na kiwiko. Mama alikaa amenyoosha mkono, uso umefungwa, anangoja. Alingoja muda mrefu. Mwishowe akauliza kwa heshima kama daktari ameshaanza.

Nilimrukia mama kwa maneno, Mungu anisamehe. Nilimuuliza mbona siku ile nilipompima aliweza, mbona alionyesha kila mahali. Akaivuta kanga chini kidogo, jicho moja likatoka, akaniangalia mimi si tabibu.

"Siku ile nilikuwa nachungulia," alisema. "Ulisema ni mtihani. Nikaogopa nisije nikakufelisha."

Tabibu alishusha mkono wake. Nakumbuka nje kuku alikuwa anaparuza, na nilikuwa nataka mtu amfukuze. Mama aliendelea kueleza, kana kwamba ni jambo dogo la kuombana radhi: mara ya kwanza hakusikia kitu, akaniona nimekunja uso, akafungua kope kidogo, basi, akawa anaona pamba inakokwenda. Hakujua kwamba anayepimwa ni yeye. Nani angemwambia? Mimi sikumwambia.

Tukaita jirani, mwanamke mwenzake, wakaingia chumbani na tabibu, maana mimi bado nilishindwa. Mabaka yalikuwa mgongoni, mapana, ya zamani. Na mimi nilipimwa, sikuwa na kitu, nikameza dozi ya kinga kama wanavyopewa wanaoishi na mgonjwa.

Wakati wa kuondoka tabibu alinitoa mpaka penye ua. Aliniambia bila kuzungukazunguka. Vijidudu vitakufa, dawa ni ya bure na ni ya mwaka mmoja, mama atapona ukoma kabisa. Vidole havitarudi. Mshipa ule umekufa siku nyingi, vile vya kuupoza havitasaidia tena, na mkono wa kushoto tutaulinda tu usifuate. Nikamuuliza ingekuwaje kama siku ile ya semina mama angeonyesha ukweli. Alivua miwani, akafuta, akairudisha. Alisema wakati ule huenda ingekuwa kama yule mzee wa mihogo. Kisha akasema mama aelezwe kuhusu vidole, na kwamba ni vizuri nimweleze mimi, kwa kuwa mimi ni mtoto wake. Nikasema ndiyo.

Nikaingia ndani. Mama alikuwa ameshika karatasi ya vidonge vya mwezi wa kwanza, anaigeuzageuza, anaangalia zile rangi. Akaniuliza, hivi hizi ndizo zitakazoninyoosha vidole? Nikamwambia meza tu, mama. Sikusema ndiyo. Nimejitetea na hilo usiku na mchana, kwamba sikusema ndiyo.

Wanawake wa uwanjani walipata habari kabla ya wiki kuisha. Hawakumtukana, wangenitambua. Walituma salamu kwamba apumzike kwanza, apone, pipa lake lipo. Halafu nikasikia wanawaambia wateja kwamba yale mafuta ya mwisho aliyopika yeye wameyatenga ya kutengenezea sabuni, si ya kula. Nikaenda. Nilifika nimeshapandisha hasira, nikawapa semina nzima palepale katikati ya moshi, kwamba akishaanza dawa haambukizi, kwamba ninyi mmekaa naye miaka mnakula sahani moja, kwamba mnamtenga mtu aliyewashikia moto wenu. Nilisema mengi. Mmoja wao, mtu mzima, aliyekuwa akikaa pipa la pili kutoka kwa mama, akaacha nikamaliza.

"Wewe ndiye uliyetufundisha," alisema. "Mbona wako hukumwona?"

Hakuna aliyecheka. Niliteremka mpaka nyumbani nikapitia njia ya nyuma ili nisikutane na mtu. Mama akaniuliza wamesemaje. Nikamwambia wanakusalimia, wanakungoja upone. Akasema anajua, na wao mafuta yao bila yeye yatakuwa yanaungulia chini.

Basi akameza. Mwanamke huyo hakuruka hata siku moja. Vile vidonge vina tabu zake: wiki ya kwanza mkojo ulikuwa mwekundu akadhani anakufa, halafu ngozi ikaanza kuwa nyeusi, nyeusi kweli, mpaka usoni. Akasema akizidi hivi nitakuja kumchanganya na sufuria. Tumbo lilimuuma. Ramadhani akapanga vidonge na daku ili asikose funga wala dawa. Kila mwezi tulikwenda pamoja kituoni kumeza ile dozi ya mbele ya muuguzi, na njiani alikuwa akiwaambia watu anaowaamini kwamba amebakiza karatasi saba, sita, tano.

Na kila siku baada ya adhuhuri tulikuwa na zoezi. Tabibu alikuwa ametufundisha: mikono iloweshwe kwenye maji ya kawaida, ipakwe mafuta, halafu vidole vilazwe juu ya paja na kusukumwa pole pole kwa mkono mwingine. Kazi yake ni kuzuia viungo visikauke na ngozi isipasuke. Mama alilichukua kuwa ni dawa ya kunyoosha. Mimi ndiye niliyekuwa nasukuma. Nikikisukuma kidole kinalala, nikikiachia kinarudi palepale kilipokuwa. Yeye anainama anakitazama kwa karibu.

Anauliza, "Leo kimeshuka kidogo, eeh?"

Nami najibu, "Kidogo."

Mwaka mzima. Kidogo, mama. Kidogo. Kuna siku nilitaka kusema nikamwona anavyokitazama, nikasema afadhali kesho. Mimi mwenye mdomo wa kugombana na mtaa mzima. Nilikuwa najiambia kwamba nikimwambia ukweli ataacha dawa, na akiacha dawa atapoteza na mkono wa kushoto, na macho. Ilikuwa sababu nzuri. Nilikuwa naipenda sana sababu hiyo. Lakini ukweli wenyewe ni kwamba sikuweza kumwambia vidole vimekwenda bila yeye kukumbuka vilikwenda lini, na nani alikuwa na pamba mkononi.

Siku ya karatasi ya mwisho alivaa gauni lake la Iddi. Muuguzi akamwandikia kwenye kadi kwamba amemaliza, na tabibu alikuja makusudi akampa mkono, ule wa kulia, akaushika kwa mikono yake miwili mbele ya watu wote waliokuwa kwenye foleni. Akamwambia mama, umepona. Watu wakapiga makofi. Mama alirudi nyumbani kwa miguu, hakutaka bodaboda, alikuwa anasimama kwa kila jirani kuonyesha kadi. Alipita mpaka uwanjani. Mimi nilibaki barabarani. Nilimwona anawaambia kitu, wanaitikia, wanatazama chini.

Tulipofika nyumbani alikaa kwenye mkeka, akavua viatu, akauweka ule mkono juu ya paja, kiganja chini. Akasema amewaambia Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao atakuwa uwanjani, kwa hiyo anataka kujua aandae nini.

"Dawa zimeisha," alisema. "Vidole vinanyooka lini?"

Nikakaa chini. Nikamwambia havinyooki. Nikamwambia havitanyooka kamwe, mama, mshipa umekufa, tabibu aliniambia siku ya kwanza pale penye ua, nami nilijua tangu siku hiyo. Nikamwambia kwamba ningempima vizuri siku ile ya mtihani vingepona. Nililia kwa sauti, majirani wakasikia nadhani. Yeye hakulia. Aliutazama mkono wake, akakigusa kidole cha mwisho kwa mkono wa kushoto, akakisukuma kikalala, akakiachia kikarudi.

"Ungeniambia tu, mwanangu," alisema. "Ningezimeza vilevile."

Alasiri ilikuwa imeingia, akaniomba nimmiminie maji ya udhu.